Mjomba Alivyomkataza Mzungu

Kusi ilikuwa imeshika, wavuvi wa Mji wa Kale wako barazani wanapiga dhumna, na mgeni wetu kutoka Uingereza ndiyo kwanza ataka kwenda kuvua nje ya mwamba. Akapatikana nahodha mmoja ambaye tamaa yake ilizidi hofu, kwa sharti kwamba mimi niandamane nao nitafsiri. Mimi, mzaliwa wa Ngomeni, hutapika hata kwenye feri ya Likoni.

"Niachie mimi," akasema mjomba.

Mjomba alikuwa karani bandarini miaka mingi, na Kiingereza chake hukitoa kama kanzu ya Idi: kwa nadra, na lazima watu waone. Akakohoa, akamwita mgeni, akamtangazia: "Sir, I dissuade you not to go!"

Nikashusha pumzi. Kazi imekwisha. Si ndivyo tusemavyo, nilimkataza asiende?

Mgeni akakunja uso, akawa anapiga hesabu kichwani. "Not to go?"

"Not to go!" Mjomba akakaza, kidole juu.

Uso wa mgeni ukachanua. Akampa mjomba mkono kwa furaha, akakimbilia kofia yake. Mimi nikashikwa bega na nahodha.

Kupita Ngomeni tu, wimbi la kwanza lilichukua mahamri. La pili likafuata mbaazi. La tatu halikukuta kitu, lakini lilitafuta kwa bidii. Na mgeni, kumbe kwao ni mwalimu wa Kiingereza, alikaa tezini ametulia, akinisomesha huku mimi nachota maji chomboni kwa kopo. Persuade, yaani kushawishi, hufuatwa na to, akasema. Dissuade hutaka from, na kitenzi chenye -ing: dissuade you from going. Kukataza kumo ndani ya neno lenyewe, halihitaji not. Ukiitia, umemkataza mtu kubaki nyumbani! Yeye alifahamu kwamba mzee anamsihi asiikose safari, akaona haya kumvunja moyo. Tena, akaendelea, ukisema umem-dissuade mtu, maana yake amekusikia na ameacha. Akishika njia yake, wewe ulijaribu tu. Alipofika kwenye Kilatini, suadere, kushauri, mimi nilikuwa nimeinama upande wa pili wa mashua. Akataka kuingia deter, neno jingine la kuzuia. Nikamwomba kwa mikono miwili tuisomee nchi kavu.

Tulirudi na changu mmoja, ambaye paka wa gatini walimtazama wakageuza nyuso. Mjomba alikuwa ametusubiri, amekasirika kuliko kusi yenyewe. Nikamweleza somo lote, na not yake, na from yake, nimeshikilia ukuta.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Makosa ni yake," akasema. "Mtu yuko Mombasa wiki nzima, hajajua bado kwamba mtu hukatazwa asiende?"