Diodi mvivu kuliko zote ndiyo niipendayo

Katika sura za vitabu zinazohusu diodi (vifaa vidogo ambavyo kwa kawaida hupitisha umeme upande mmoja) za maikrowevu, yaani mawimbi ya redio ya masafa ya juu sana, sifa humiminiwa zile zenye kisa, si PIN niipendayo. Diodi ya handaki ilimpatia Leo Esaki Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Diodi ya Gunn haina hata makutano ya p (upande wenye matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni) na n (upande wenye elektroni za ziada): ni kipande cha galiamu asenaidi ambacho, kikipewa volteji ya kutosha, elektroni zake husafiri kwa mafungu, na kila fungu likifika upande wa pili ni mpigo mmoja. Tabaka la maikromita 10 hutoa takriban gigahezi 10. Nakiri inavutia. Diodi ya Schottky nayo hupongezwa kwa wepesi wake wa kugundua na kuchanganya mawimbi, na varakta kwa kubadilisha masafa kwa volteji tu. IMPATT, diodi ya kuzalisha mawimbi, ina nguvu, ila kelele zake za umeme zinakera.

PIN hupewa aya moja. Naona ni dhuluma.

Kati ya p na n, diodi hii ina tabaka nene la nusukipitishi kisichotiwa uchafu (atomi ngeni). Ukipitisha mkondo mnyoofu, tabaka hilo hujaa elektroni na matundu, na chaji hizo huchukua muda kutoweka, tuseme maikrosekunde moja. Katika gigahezi 10, muda huo wimbi limeshakwenda na kurudi mara 10,000! Diodi haiwahi kuzima wala kuwaka kulifuata. Wimbi linaiona kama rezista tu, na thamani ya rezista hiyo unaipanga mwenyewe: bila mkondo ni maelfu ya omu, ukiongeza milliampea kadhaa inashuka hadi karibu omu moja.

Yaani kasoro ambayo ingeifukuza kwenye kazi nyingine ndiyo ajira yake hapa. Ndiyo maana utaikuta kwenye rada, ikiigeuza antena moja kati ya kurusha na kupokea, au kwenye vipunguza nguvu vya mawimbi. Ninayoistahi zaidi ni ile yenye tabaka jembamba, inayokaa mlangoni mwa kipokezi: mawimbi makali yakija yanaiwasha yenyewe, inayarudisha yalikotoka, na kikuza mawimbi kilicho dhaifu nyuma yake kinapona. Hakuna aliyeiamuru.

Simu siku hizi hupendelea swichi za transista, kwa kuwa PIN inakula mkondo muda wote ikiwa imewashwa. Hoja hiyo naikubali kwa kifaa cha betri. Penye wati nyingi, sijashawishika.

Ila usiihamishie popote kwa mazoea. Ishushe hadi kilohezi chache na uvivu unaisha: inapata muda wa kuwaka na kuzima katika kila mzunguko, inageuka diodi ya kawaida, na wimbi linatoka nusu limekatwa.