Hela za CHAN Umeficha Wapi?

Asubuhi hii nimeenda dukani kwa Mangi kukopa sukari nusu kilo. Mangi kafungua daftari, kaniangalia, kalifunga. "Baba Mwajuma, wewe ni wa kukopa sukari? Hela za CHAN umeficha wapi?"

Hela za CHAN! Mashindano yenyewe, ya mpira ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, yaliisha Agosti 2025. Morocco wamewafunga Madagascar 3-2 pale Kasarani, Nairobi, wamebeba kombe, wamepanda ndege, wameshasahau. Aliyebaki kudaiwa ni mimi, Ramadhani wa Mbagala Zakhem, ambaye hata mpira sikuugusa.

Mimi nilijitolea tu uwanjani, kuelekeza watu. Neno hilo ukilitamka mtaani kwetu watu wanacheka kwanza, halafu wanasogea karibu na kushusha sauti: "Sasa kujitolea huko, kwa siku ni shilingi ngapi?" Ukisema hakuna kitu, wanakuheshimu zaidi. Wanajua umekula nyingi mpaka unaogopa kuitaja.

Mwenye nyumba ndiye aliyeharibu kabisa. Alisikia redioni kwamba bingwa anapewa dola milioni 3.5, mzee wa watu akakaa barazani na kalamu. Sijui katika hesabu zake mimi alinipa fungu gani, lakini jioni yake alikuja. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nimekuona kwenye televisheni." Basi pale pale nikajua kodi imepanda. Na nilivyoonekana kwenye hiyo televisheni ni nyuma ya goli, sekunde nne, nimewageukia watazamaji, uso hauonekani. Kanijua kwa kisogo! Lakini simlaumu, kisogo ndicho anachokiona kila tarehe moja.

Niseme ukweli wangu, maana hapa tuko wenyewe: nilijiandikisha ili nione mpira bure. Wenzangu walikuwa vijana wa vyuo, wanatafuta cheti na uzoefu. Mimi uzoefu ninao wa miaka 43, na cheti ninacho cha kuzaliwa. Nikapewa kofia, kitambulisho cha kuvaa shingoni, na kizibao ambacho ningeweza kukivaa pamoja na mke wangu.

Kosa langu lilikuwa kwenye fomu. Waliuliza lugha. Nikaandika Kiswahili, fasaha, Kiingereza, kiasi, na kalamu ikiwa bado ina wino, nikaongeza Kifaransa, kiasi. Kiasi chenyewe nilikipata kwenye nyimbo za Wakongo: "cherie", "mon amour", "pardon" na "merci". Nikajiambia, Kifaransa atanitakia nani Temeke? Kumbe kundi letu la pale Uwanja wa Mkapa ni sisi Tanzania, Burkina Faso, Mauritania, Madagascar na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wanne wote Kifaransa! Nigeria, ambao wangeniokoa na Kiingereza changu, wamepelekwa Zanzibar kupigwa upepo.

Siku ya ufunguzi, tarehe 2 Agosti, nilisalimika. Waburkinabe walikuwa na watu wao, mimi nikanyoosha vidole tu: huku, kule, lile geti pale. Nikarudi nyumbani najiona balozi.

Tarehe 6 ndiyo iliyonipata. Tunacheza na Mauritania saa mbili usiku. Saa kumi na mbili jioni, niko nje nimesimama na kizibao changu, anakuja baba mmoja mrefu, kavaa joho la bluu hafifu, pana kama turubai la msibani. Kanitazama kifuani, kaona nina kitambulisho, kashukuru Mungu. Akaanza kuongea.

Nikajibu "merci". Akasubiri. Nikaongeza "pardon". Akarudia polepole, kama anayeongea na mgonjwa wa malaria iliyopanda kichwani. Safari hii nikanasa neno moja: "prie". Nikalichambua. Prie, praisi. Anauliza bei! Nikamshika mkono mpaka kwa kijana wa soda. Mgeni kaitazama soda, katazama jua, akanigeukia na kusema, "L'eau."

Sasa hilo na mimi nililisikia vizuri kabisa: "Lo!" Nikamwunga mkono. Nikamwambia yule kijana, unaona, hata wageni wameshangaa, punguza bei. Kijana akasema bei ndiyo hiyo. Mgeni akasema "L'eau, l'eau!" Nikasema, si unasikia anavyosikitika?

Alipoona tunabishana, akaacha maneno akaenda kwenye vitendo. Akakunja mikono ya joho, akaanza kujisugua mikono mpaka kwenye viwiko. Hapo sikutaka kuambiwa mara mbili. Huyu anawashwa, kala kitu. Nikamkokota mbio mpaka kwenye hema la huduma ya kwanza. Dada wa pale akamkalisha, akamfunga kipimo cha presha. Presha nzuri. Mgeni akavua kiatu, akanyoosha mguu, akausugua. Dada akachuchumaa kutafuta jeraha. Hakuna jeraha. Akamvua na cha pili. Hakuna. Mgeni sasa akawa anaonyesha kidole juani, jua nalo linazama bila kumsubiri mtu, na mimi namtafsiria dada: anasema kaumizwa na jua.

Mama mmoja wa usafi alikuwa amesimama na ufagio wake, anatutazama tangu kwenye soda. Akashindwa kuvumilia. "We baba una akili kweli? Mwenzio anataka maji ya udhu, magharibi inampita! Na kitambulisho chote hicho!"

Mgeni kusikia "udhu" na "magharibi", akaruka kitini na mipira ya presha ikining'inia mkononi. "Wudhu! Maghrib!" Akamwonyesha yule mama kidole kama mtu aliyempata ndugu yake aliyepotea. Mama akamletea maji kwenye kopo, akamtandikia mkeka wake nyuma ya hema.

Mimi nikabaki nimesimama. Kumbe "prie" ni kuswali, na "l'eau" ni maji! Mimi, Ramadhani! Nimesoma madrasa Mbagala miaka saba, nimechapwa bakora zisizohesabika kwa ajili ya nguzo za udhu, na mtu ananionyesha nguzo moja baada ya nyingine, mikono, miguu, nampeleka kupimwa presha. Ningesema "asalamu alaikumu" tangu mwanzo tungemaliza kwa dakika mbili. Lakini wapi, mimi nilikuwa natafuta Kifaransa.

Tukaswali, yeye mbele mimi nyuma. Alipomaliza akanipa kipakti cha tende na akaniombea dua ndefu ya Kiarabu. Nikaitikia amina, amina, kwa nguvu, kulipia yaliyopita. Ni baadaye, niko kwenye nafasi yangu nyuma ya goli, mechi sifuri sifuri, ndipo wazo likanijia: je, kama ile dua alikuwa anaiombea timu yake? Na mimi nimeitikia amina mara nne, nimevaa kizibao cha nchi! Nilikaa roho mkononi mpaka dakika ya 89, Kapombe wetu alipofunga.

Ninavyosema alifunga, msidhani niliona. Wa nyuma ya goli haangalii mpira, anaangalia watu. Uwanja unaingiza 60,000, na wote wanaangalia mpira isipokuwa mimi na wenzangu. Goli la Kapombe nililiona kwenye mdomo wa kijana mmoja wa safu ya tatu, mdomo mkubwa, meno yote, mpaka kimeo. Mzize wetu kawafunga Madagascar mawili, nimeyaona yote mawili kwenye titi la mama aliyekuwa ananyonyesha, mtoto aliruka. Siku ya Morocco, tarehe 22, goli lao nililijua kwa kimya. Nilimsikia muuza karanga akikohoa upande wa pili. Mashindano mazima nimekaa ndani ya uwanja, na ningebaki nyumbani ningeona marudio mara tatu!

Wenyewe mnasema kwa Mkapa hatoki mtu. Ni kweli, nathibitisha. Morocco walitoka, mashabiki walitoka, waamuzi walitoka. Aliyekuwa hatoki ni mimi, saa sita usiku, naokota chupa, huku konda wa mwisho wa Mbagala anasikika kwa mbali akimalizia "Rangi Tatu, Rangi Tatu" na kuondoka.

Na bado nikifika nyumbani napekuliwa mifuko. Mama Mwajuma kakuta tende. Kauliza hela iko wapi, kisha kazila zote.

Mama mkwe kapiga simu Korogwe, bati zinavuja. Jirani wa chumba cha tatu kaniletea kadi ya mchango wa harusi ya mdogo wake, kaniandikia laki moja, "double", kwa wino mwekundu. Mwenyekiti wa kikoba kanipandisha cheo, sasa mimi ni mdhamini.

Hivi kweli jamani? Msibani mnachimba kaburi bure, mnapika bure, mnakesha bure siku tatu, hakuna hata mmoja anayeuliza posho. Nimeonyesha watu geti, siku hizo zote, nimekuwa fisadi! Mangi huyu huyu nilimsaidia kubeba friji mwaka juzi, mgongo mpaka leo unanikumbusha, nusu kilo tu ya sukari ananifungia daftari. Tena kabla sijatoka dukani kanisemesha kwa huruma: "Usijali, AFCON 2027 si inakuja, utajenga." Nikamwuliza nijenge nini. Akasema ghorofa, kama wale wengine. Wale wengine ni nani hakusema.

Nimekunywa chai kavu. Kizibao chenyewe hata sinacho tena, nilimwazima kijana wa boda wa hapo kijiweni, akasema kinang'aa usiku, magari yatamwona. Hajakirudisha. Anatembea nacho kutwa, abiria wanamwita mtu wa CHAN, na nauli kaongeza. Jana usiku mvua ilinikuta Rangi Tatu, ikabidi nipande naye. Nimekaa nyuma nimekishikilia kizibao changu mwenyewe mpaka nyumbani. Kanitoza buku mbili. Nilipolalamika akasema, "Ah, mzee Rama, na wewe? Kwa hela zile?"