Namba Sahihi, ila za Asubuhi

Kwanza nikanushe: sikulia. Aliyerusha ile sauti kwenye grupu eti nilitoa machozi mbele ya Wataliana hakuwepo, kahadithiwa na askari wa mlangoni, na isitoshe ananidai. Sasa skilizeni ya mwenyewe.

Mnajua simu yangu ilizama Forodhani nikiwarikodi wale vijana wanaojirusha baharini. Simu hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa namba sita za kuingilia akaunti ya bukingi, ya nyumba ya wageni ninayofanyia kazi hapa Mji Mkongwe. Bi Mkubwa, mwenye nyumba, akahamanika. Nikamwambia, "Wala usiwe na wasiwasi, ile siri yake, yaani yale maherufi na tarakimu yanayozaa zile namba, ninayo kwenye laptopu." Laptopu ya mtumba, Linux, skrini nyeusi. Unaandika oathtool --totp -b, unabandika siri, Enta, namba hiyo. Husubiri SMS, hata intaneti huihitaji: programu inachukua ile siri na saa ya kompyuta, inavichanganya, inatoa namba sita. Kule unakotaka kuingia nako wana siri ileile na saa yao, wanapiga hesabu ileile. Zikilingana, karibu ndani. Kila sekunde 30 namba inabadilika. Haya yote nilimweleza Bi Mkubwa mkono kiunoni. Ule mkono kiunoni ndio unaoniuma mpaka sasa.

Haya. Jana mchana, Wataliana wako mapokezi, baba, mama na watoto, mabegi chini, jasho linawatiririka. Wamelipia vyumba, lakini vyumba vipi? Viko kwenye akaunti. Nikafungua laptopu taratibu, kama daktari. Oathtool. Enta. Namba ikatoka, nikaisoma kwa sauti ili wajue wamefika kwa watu. Nikaandika.

"Namba si sahihi."

Nikacheka kidogo. Nikasema sekunde zimenipita, ngojeni ije mpya. Ikaja. Nikaandika mbio mbio, vidole vinagongana.

"Namba si sahihi."

Askari akasogea. Mpishi akatoka jikoni na mwiko. Bi Mkubwa hakusema kitu, alivua miwani tu, na wanaomjua wanajua hiyo ni nini. Nikadhani labda siri imeingia herufi mbaya, nikaikagua yote: herufi A mpaka Z, tarakimu 2 mpaka 7, maana 0, 1, 8 na 9 huwa hazimo kabisa. Safi. Nikarudia. Askari naye akaanza kunihesabia sekunde kwa sauti, "ishirini na saba, ishirini na nane, haya bandika!" Nikabandika. Si sahihi. Nikasema Bismillahi, nikabandika tena, na akaunti ikatwambia tumejaribu mno, tupumzike kwanza.

Hapo adhana ya adhuhuri ikapigwa, msikiti uko nyuma yetu tu. Askari akachungulia kona ya skrini yangu, akasema, "Naam, saa sita na nusu hiyo." Nami nikatazama. 06:31. Bi Mkubwa akatazama. Mpishi akatazama. Sote tukaitikia kwa kichwa: saa sita na nusu, sawasawa kabisa.

Wallahi tulikuwa watu wazima wanne pale, na hakuna aliyeshtuka.

Ni yule mama wa Kitaliana aliyeinama, akatazama saa ya mkononi mwake, akatazama laptopu, akaniuliza kwa upole kwa nini kompyuta yangu iko saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kimya. Mnaocheka, chekeni tu. Laptopu ilikuwa nyuma saa sita kamili, sekunde 21,600. Tarehe sawa, dakika sawa, kurasa zinafunguka vizuri, sasa nani angeshuku? Na oathtool masikini haikukosea hata chembe: ilikuwa ikinipa namba halali kabisa za asubuhi, wakati mie nimelala na mdomo wazi. Mitambo hii husamehe kuchelewa nusu dakika hivi. Mie nilikuwa nawapelekea kiporo.

Yaliyobaki ni mafupi. Nikaandika timedatectl set-ntp true, amri ya kuiambia saa ijirekebishe yenyewe, saa ikaruka mahali pake, akaunti ikakubali tulipoachiwa, wageni wakapewa vyumba na juisi ya ukwaju ambayo nasikia inakatwa kwangu. Askari sasa ananiita Saa Sita.

Jioni nikamkalisha mpwa wangu. Betri ndogo ya ndani ya laptopu imekufa siku nyingi, kila ikizimika saa inapotea, basi asubuhi aliiwasha acheze gemu, akaikuta iko mwaka mwingine, akazima ule utaratibu wa kujirekebisha wenyewe na kuitia saa kwa mkono. Paswedi anayo. (Ndiyo, mtaalamu wa usalama paswedi yake anayo mtoto wa darasa la tano. Tuendelee.)

"Mjomba, nilimuuliza bibi saa ngapi, kanambia saa mbili na robo. Nikaandika mbili na robo."

Nikamgeukia mama. Hata macho hakuyainua kwenye ukili wake.

"Ilikuwa saa mbili na robo. Wewe ulikuwa umelala, utajuaje?"