Mzinga haujivuti wenyewe, na kutu si chumvi ya kumwagia kila mahali

Ngoja nianze na ugomvi kabisa ili tuelewane mapema. Nimechoka kuona mizinga midogo ya plastiki iliyopakwa kutu kama bati la banda la kuku. Mtu kakaa miezi miwili anagundisha vipande, kazi safi, vinati vinaonekana kimoja kimoja, halafu siku ya mwisho anachukua rangi ya chungwa na kahawia anamwaga kuanzia mdomo wa mtutu mpaka kwenye magurudumu, anapiga picha, watu wanasema "aisee balaa". Balaa kweli.

Mi najenga mizinga. Na kabla hujacheka, si ya kupiga washkaji hela mwisho wa mwezi (hiyo naipigwa tu), wala si ya nyuki, naongelea mizinga ya vita, ile mikubwa, ila ya kwangu unaibeba kwa kiganja kimoja. Kipimo ninachotumia ni 1 kwa 35, yaani kila sentimita moja mezani kwangu ni sentimita 35 kwenye mzinga wenyewe. Hicho kipimo wala hakikutoka kwa mtaalamu wa vita yoyote, kampuni ya Tamiya ya Japani walipotengeneza kifaru cha plastiki cha Panther mwaka 1961 walitaka betri zienee ndani ili kitembee, baadaye wakakipima, ikaja 35, na dunia nzima ikafuata betri. Baada ya kujenga ndo inakuja kazi ninayoipenda zaidi, kuchakaza, yaani kukifanya kitu ulichokimaliza jana kionekane kimelala mvuani na kupigwa jua na kuvutwa porini. Hapo ndo ubishi wangu ulipo.

Mzinga ninaouongelea leo ni wa Königsberg. Wengi wetu Dar tumesikia hadithi yake nusu nusu. Ni manowari ya Wajerumani iliyoingia hapa Dar es Salaam Juni 1914, ikiwa na mizinga kumi ya tundu la sentimita 10.5, Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza, tarehe 20 Septemba ikaenda kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja asubuhi, halafu ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji ndani ya mikoko. Waingereza wakahangaika nayo miezi, mwisho wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 ikawa basi, Wajerumani wakailipua wenyewe ikakaa kwenye tope. Sasa hadithi nyingi zinaishia hapo, na kwangu mimi hapo ndo inaanza, kwa sababu walirudi wakaitoa mizinga yote kumi, wakaileta Dar, mafundi wakaitengenezea magari ya magurudumu, na kitu kilichoundwa kikae kwenye meli kikaanza kutembea nchi kavu. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa kwenye meli ya Graf von Götzen, ambayo ndo hii hii Liemba ya Ziwa Tanganyika. Mingine ilinguruma Kondoa Irangi Mei 1916. Kombora lilikuwa linafika zaidi ya kilomita 12, na mtutu peke yake ni zaidi ya tani moja ya chuma. Kumbuka hiyo tani, nitairudia.

Nilipoamua kuujenga sikutaka kukisia kwa macho, nikapanda basi mpaka Mombasa maana pale Fort Jesus upo mmoja, na cha kuchekesha upo na mzinga wa Pegasus pia, maadui wawili wanazeeka mtaa mmoja kama majirani waliosahau waligombania nini. Nikaenda na futi ya cherehani ya mama, ile laini ya fundi nguo, kwa sababu futi ya chuma haizunguki kwenye mtutu. Nimeinama napima unene wa mdomo, mlinzi mmoja akaja kasimama nyuma yangu kimya, halafu akauliza, "Ndugu yangu, wamshonea kanzu?" Nikamwambia ndiyo, ya Idi. Alicheka mpaka akanishikia upande wa pili wa futi, tukapima vizuri.

Kwenye hesabu zao Wajerumani wanauandika L/40, maana yake urefu wa mtutu ni mara 40 ya upana wa tundu. Arobaini mara 10.5 ni sentimita 420, gawa kwa 35 unapata 12 kamili. Tundu milimita 3. Nikazunguka sana nikitafuta bomba linaloanza nene nyuma halafu linapungua kwa ngazi ngazi kwenda mbele, maana mtutu wa enzi zile ulivyo ndo hivyo, chuma kimevishwa juu ya chuma, nyuma kumenenepa kwa sababu ndiko baruti inakolipukia. Nikawaza kuchonga mbao, nikawaza mirija ya soda, na siku moja niko Kariakoo kwa jamaa wa kutengeneza redio nikaona boksi limejaa antena mbovu. Ile ya kuvuta! Ukiivuta nusu unaona kabisa mtutu wa manowari, ngazi kwa ngazi, na kapande kembamba ka mbele kana tundu karibu na ninayoitaka. Akanipa tatu kwa bei ya soda. Nikakata sentimita 12 kwa msumeno wa chuma taratibu, nikasugua na msasa wa maji, nikajaza gundi ndani isiteleze, kazi imeisha. Gari lake nimelikata kwenye mifuniko ya makopo ya aiskrimu, vichwa vya nati ni matone ya gundi nyeupe ya mbao unayaweka kwa ncha ya pini moja moja, mia na kitu, mgongo uliuma wiki nzima.

Kwenye rangi ilinigomea kwanza. Nilipuliza wakati wa masika, hewa nzito, rangi ikakauka na ukungu mweupe juu kama kioo cha bafuni. Nikaisugua yote nikaanza upya Juni. Kama unaishi pwani usipulize rangi mvua inanyesha, siku hiyo piga msasa vitu vingine.

Sasa kutu. Watu wanaenda makumbusho, wanapiga picha mzinga uliokaa nje miaka mia, umepigwa na hewa ya chumvi, umepakwa rangi juu ya rangi mpaka pembe zimekuwa duara, halafu wanarudi nyumbani wanachakaza mzinga wa mwaka 1916 ufanane na ule. Huo ni mzinga mstaafu bwana! Aliye kazini hafanani hivyo. Askari wa mzinga kazi yake nusu ni kusafisha, tundu linasuguliwa na kutiwa mafuta, sehemu ya nyuma inapoingia kombora inang'aa kwa grisi, kwa sababu ikishika kutu pale mlango haufungi na usipofungwa wanaokufa ni wao wenyewe. Kwa hiyo ukiniwekea kutu ya chungwa kwenye mlango wa nyuma wa mzinga ambao umesema uko vitani, mi naona umemtukana yule askari.

Kinachochakaa ni kingine. Mikono inachakaza, pale kwenye usukani wa kulengea rangi inaisha chuma kinabaki kimeng'arishwa na viganja, na hiyo unaipata kwa penseli ya 2B tu, sugua kingo kwa kidole, utashangaa. Buti zinachakaza pale mtu anapokanyagia. Kamba zinachakaza, zinakula rangi kwenye pembe zile zile kila siku. Vumbi linang'ang'ania kwenye grisi linakuwa jeusi jeusi lenye unyevu, wakati kwingine limekaa kavu na jeupe. Kutu inakuwepo, sikatai, ila kidogo, kwenye mikwaruzo mipya, na hapa ndo watu wanasahau hesabu. Milimita moja kwenye mfano wangu ni sentimita tatu na nusu. Ukigusa brashi likatoka doa la milimita tano, umeweka jeraha la sentimita 17 na nusu kwenye chuma, kiganja kizima, na wewe umeweka hamsini. Huo mzinga umepigwa na nini, na radi?

Ujanja wa chumvi unasaidia sana ukitaka rangi iliyobanduka: unapaka rangi ya chuma chini, unalowesha kidogo, unanyunyiza chumvi ya mezani pale pale unapotaka tu, ikikauka unapuliza rangi ya juu, kesho yake unasugua chumvi inatoka na rangi. Pale pale unapotaka, nimesema. Chumvi ikizidi mchuzi haunyweki na mzinga hautazamiki.

Na mimi pia nimeshaboronga, tena vibaya. Jamaa yangu dereva wa lori alikuwa anapita Kondoa, nikamwomba aniletee udongo mwekundu wa kule kule ulikopita mzinga, nikajiona mjanja kuliko wote, udongo halisi! Nikauchekecha, nikaumwaga kwenye magurudumu na gundi. Ukaonekana kama mzinga umevingirishwa kwenye kokoto. Nikakaa nikapiga hesabu: punje ya nusu milimita mara 35 ni karibu milimita 18, kokoto kweli. Udongo haupungui kwa sababu wewe umepunguza mzinga. Nikabandua yote, nikasaga chaki ya rangi mpaka ikawa kama poda, nikachanganya kahawia na nyekundu nikiutazama ule udongo wa Kondoa pembeni kama kipimo, ndo ikakaa. Udongo wenyewe bado uko kwenye kikopo juu ya kabati, mama anadhani ni dawa.

Mama ndo aliyeharibu kila kitu, sasa nifike hapo. Mzinga umekamilika, rangi ya kijivu iliyofifia, vumbi, penseli, nimeuweka kwenye ubao na njia ya porini na nyasi za kamba ya katani, mdomo unatazama mbele kwa heshima zote. Namuita mama atazame. Akavua miwani ya cherehani akavaa ile nyingine, akazunguka meza nzima, akasema, "Umependeza. Sasa mwanangu, huu unajivuta wenyewe?"

Nikaanza kujitetea, nikamwambia mama mzinga ndo muhimu, watu wengi wanaweka mzinga peke yake. Akaniambia, "Haya," akarudi kwenye cherehani yake. Ile "haya" ya mama wote mnaijua.

Sikulala vizuri. Kwa sababu ile tani ya chuma haikuwa na injini. Ng'ombe walitumika, lakini mbung'o walikuwa wanamaliza wanyama njiani, na pale mnyama alipokufa waliingia watu. Wapagazi na watu waliokamatwa vijijini, kwenye kamba, milimani, kwenye tope la masika, na upande wa Waingereza hivyo hivyo, kikosi chao cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara na njaa na malaria wala si kwa risasi. Na mimi antena yangu nimeinunua wapi? Kariakoo. Jina lenyewe ni Carrier Corps tulivyoitamka sisi, kambi yao ilikuwa pale, Nairobi nako wana Kariokor yao. Nairobi pia kuna sanamu ya maaskari ambayo maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Nimepiga msasa mtutu mwezi mzima, miguu na mikono nimeisahau kabatini.

Halafu nenda kawatafute dukani. Utapata askari wa Kijerumani wa vita ya pili wa kila aina, anayekula, anayevuta sigara, anayekojoa kabisa, ila mpagazi wa 1916 amevaa shuka na kubeba kamba begani mimi sijamuona. Kwa hiyo naona kwenye hii hobi yetu tunaringa sana na vinati, mtu atakukosoa kwamba spoku ya gurudumu imezidi moja, na hatauliza nani aliyekuwa analivuta hilo gurudumu. Nami nilikuwa huko huko.

Basi nawatengeneza mwenyewe. Waya mwembamba wa umeme unaukunja uwe mifupa, mtu wa sentimita 170 kwangu anakuwa milimita 49 hivi, halafu unavisha ile gundi ya sehemu mbili ya kuzibia mabomba, unachonga kwa kijiti cha meno kabla haijagoma. Wa kwanza alitoka kama ndizi. Wa tano akaanza kuinama vizuri, maana mtu anayevuta mzigo hasimami wima, anaangalia chini, kisigino kimenyanyuka, na nguo nayo unaichakaza, jasho mgongoni ni rangi ile ile ya shuka ila imekolea kidogo. Nao nimewapaka vumbi lile lile la chaki nililopaka magurudumu, mpaka magotini.

Mpaka leo nina kumi na saba. Nataka wafike thelathini, ubao hautoshi, nitaongeza mwingine. Kamba ndo ilinisumbua, nilijaribu uzi wa mkonge, ukichomoa hata unywele mmoja bado ni mnene na una manyoya. Mama akaniona nahangaika, akavuta droo ya cherehani, akatoa uzi wa kahawia wa kushonea suruali, akausokota nyuzi tatu kwa vidole, akaupitisha kwenye nta ya mshumaa ulale, akanipa. "Wape hiyo," kasema, "na usiwafunge shingoni. Begani."