Kila Saa Nane

Siku ya tano baada ya kupasuliwa mgongo Kampala nilirudishwa nyumbani Tororo, nimelazwa kiti cha nyuma cha gari la shemeji, mto chini ya magoti, bahasha tatu za dawa kifuani. Bahasha zenyewe unazijua: vikaratasi vidogo, jina la dawa kwa mwandiko wa haraka, kisha hesabu: vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku. Parasetamoli 2×3. Diklofenaki 1×2. Tramadoli 1×3. Maelezo ndiyo hayo, basi. Muuguzi aliponiona nimekodoa macho akagusa bahasha ya tramadoli, akaongeza, "Hii kali ni kila saa nane, mwalimu." Binti wa dada yangu, aliyekuja kuniuguza, akaitikia kwa adabu na kubeba mfuko.

Nafundisha Kiswahili sekondari, mwaka wa 14 sasa. Ningekuwa na akili zangu zote siku ile ningeishtukia sentensi hiyo kabla haijatua. Kwa anayehesabu siku kwa saa zetu, saa nane ni saa nane: jua limeanza kuinama, wali umeshaliwa. Basi yule binti, mtiifu kuliko nilivyostahili, akaniletea kidonge saa nane mchana, akatega kengele ya simu, akaniamsha saa nane usiku. Mara mbili kwa siku. Nilichoandikiwa kilikuwa kila *baada ya* saa nane, yaani mara tatu. Neno moja dogo, "baada", lilinigharimu siku tatu za kung'ata shuka.

Na tusimcheke binti. Wengi wetu tukiona 1×3 tunasoma asubuhi, mchana, jioni, pamoja na chakula. Saa moja, saa saba, saa moja. Halafu kuanzia saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi hakuna kitu, saa 12 nzima, na kidonge cha aina ile nguvu zake zimeisha kabla hata majogoo ya kwanza. Ndiyo maana kila mgonjwa wa upasuaji mtaani kwetu husema "usiku ndio mbaya". Giza halina kosa hapo.

Nilimpigia simu afisa tabibu wa kituo kilicho karibu nasi. Alicheka kwanza, kisha akanipangia: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Nikachukua daftari la mazoezi, nikachora mistari: saa, dawa, maumivu kwa alama kuanzia 0 hadi 10, na nilichoweza kufanya. Ile safu ya mwisho niliiongeza mwenyewe, na ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Tarehe ya kwanza imeandikwa "7, nimegeuka kitandani mara mbili, nimelia". Baada ya siku nne za ratiba mpya: "4, nimefika kwenye mwembe na kurudi".

Hapo ndipo ulipo ubishi wangu na watu wengi ninaowapenda. Mama mkwe alikaa pembeni ya kitanda akaniambia, "Mwanangu, vumilia, dawa nyingi si nzuri. Ngoja mpaka izidi." Alisema kwa huruma, na karibu nimtii. Lakini dawa ya kumeza haifanyi kazi papo hapo; huchukua nusu saa, hata saa nzima. Ukingoja maumivu yafike 8 ndipo umeze, utakaa muda wote huo kwenye 8, misuli imekaza, huwezi kuinuka. Mbuzi hufukuzwa akiwa bado ukingoni mwa shamba, si akishamaliza mahindi. Na aliyepasuliwa mgongo akikosa kutembea anajitafutia mengine: damu kuganda miguuni, kifua, misuli kusinyaa. Dawa niliimeza ili nifike kwenye mwembe. Sikuimeza nistarehe.

(Safari yenyewe ya kutoka Kampala ilinifundisha hilo, kama ningekuwa msikivu. Zaidi ya kilomita 200, na matuta ya Iganga na Bugiri sijui yaliwekwa kwa ajili ya nani. Nilimeza kidonge tulipopita Mabira, maumivu yakiwa yameshaanza. Ningemeza kabla ya kuwasha gari.)

Kinachonikera zaidi ni hofu yetu kukaa mahali pasipo pake. Tukisikia tramadoli, au Mungu apishe mbali mofini, tunashika vichwa: atakuwa teja, hiyo ni dawa ya watu wa kansa, akipewa hiyo ujue wameshakata tamaa. Na hii ni Uganda, nchi ambayo katika jambo hili wengine wamekuja kujifunza kwake. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha pale Kampala Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi, na mofini ya unga ikawa inachanganywa na maji, inatiwa rangi ili nguvu zisichanganywe, ya kijani ikiwa nyepesi kuliko zote, na mgonjwa anaipata bila malipo. Mwaka 2004 serikali ikaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea huduma hiyo waiandike wenyewe, jambo ambalo nchi nyingi hazikuwa zimethubutu. Sisemi kila aliyepasuliwa diski ya uti wa mgongo, kama mimi, apewe mofini. Mimi mwenyewe nilidungwa siku ya kwanza tu wodini, ikatosha. Nasema nchi iliyoweza kuchanganya dawa hiyo na kuifikisha vijijini haina sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani na bahasha yenye tarakimu mbili na alama ya kuzidisha.

Wakati huo huo, dawa inayotuumiza kimyakimya tunanunua kama karanga. Diklofenaki. Wiki ya pili bahasha yangu ilipoisha (niliandikiwa siku tano tu, kwa sababu nzuri, ila hakuna aliyeniambia sababu), nilimtuma mtu duka la dawa akanunue tena, bila karatasi. Jirani naye akaniletea ibuprofeni, "hii ni nyepesi". Nikameza zote mbili, asubuhi nyingine kabla ya chai. Siku ya tatu tumbo likawaka chini ya kifua kana kwamba nimemeza kaa la moto. Afisa tabibu safari hii hakucheka. Hizo mbili ni ukoo mmoja, alisema, kuzichanganya hakuongezi nafuu, kunaongeza vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Akaniuliza kama choo kimekuwa cheusi kama lami. Namshukuru Mungu hakikuwa. Pamoja na tramadoli, parasetamoli ndiyo aliniachia, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na akanitahadharisha kuwa dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo mtu huweza kuvuka mpaka bila kuona kibao.

Sasa choo, maana hakuna anayekisema na mimi nitakisema. Tramadoli na ndugu zake hufunga choo. Siku sita sikupata kitu. Na ukishapasuliwa mgongo kukamua ni adhabu, tena choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa nimekatazwa. Fundi seremala wa barabarani alichukua kiti cha plastiki, akakata tundu kwa msumeno, akasugua ukingo kwa msasa mpaka ukalainika, nikakiweka juu ya shimo. Shilingi alizotaka ni chache kuliko nauli ya bodaboda kwenda na kurudi sokoni. Papai, maji mengi, uji wa ulezi, vyote vilisaidia kidogo. Kilichofungua mlango ni dawa ya kulainisha choo, ambayo ningeandikiwa siku ile ile niliyoandikiwa tramadoli ingekuwa haki yangu. Mtu wako akitoka hospitali na dawa kali, uliza hilo kabla hujatoka getini. Uliza hata kama daktari ana haraka.

Wiki ya nne nikajiona nimepona, nikaacha tramadoli kwa siku moja, kishujaa. Usiku nikatoka jasho, kamasi zikachuruzika, miayo, miguu haitulii. Nikasema malaria hiyo. Nikapimwa, hakuna. Ulikuwa mwili uliozoea kitu kisha ukanyang'anywa ghafla, na hilo nilielezwa si uteja. Teja huifuata dawa hata inapomharibia maisha. Mimi sikuitamani hata kidogo, mwili tu ulikuwa unalalamika. Tukarudi nyuma, tukapunguza polepole kwa maelekezo: kidonge cha mchana kwanza, siku kadhaa, kisha cha asubuhi, cha usiku mwisho. Daftari linaonyesha siku 11.

Maumivu nayo si ya namna moja. Kabla ya upasuaji nilikuwa na umeme, kutoka kalioni hadi kidole gumba cha mguu. Nilipozinduka ulikuwa umekwenda, kikabaki kidonda kinachouma kama kidonda. Hicho dawa ilikiweza. Lakini umeme ukirudi kwa nguvu, mguu ukalegea, mkojo ukagoma kutoka, ganzi ikaingia katikati ya mapaja na makalio, au homa ikapanda na mshono ukatoa usaha, hapo hakuna kidonge cha kutafuta. Ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Vidonge sita vya tramadoli vilibaki. Nilivitia kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati, nikingoja siku ya kwenda mjini nivirudishe duka la dawa. Jumapili baada ya misa jirani, yule yule wa ibuprofeni, akapita. Mgongo unamsumbua tangu apakie magunia ya mahindi. "Mwalimu, zile zako kali hazikubaki hata mbili?" Nikamuuliza kama anatumia dawa nyingine. Anatumia, za kifafa. Nami niliambiwa mapema kabisa kwamba tramadoli inaweza kuleta degedege, na mwenye kifafa yuko hatarini zaidi. Nikampa vidonge viwili vya parasetamoli na namba ya afisa tabibu.

Hajanisalimia tangu siku hiyo. Kopo lilikwenda mjini Jumatatu.