Kamongo Alipokwenda Chuo Kikuu

Kuna samaki anayekufa maji. Ukilisema hilo kijiweni watu watakutazama usoni kujua umeamka na nini, ila hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hata kijana wa kubeba ndoo analijua. Kamongo ana mapafu. Akishakuwa mkubwa lazima kila mara apande juu avute hewa, na ukimzibia njia anakata roho humo humo majini. Lakini mtie kwenye gunia bichi, msahau chini ya meza. Kesho yake utamkuta yupo, na amekasirika.

Mpwa wangu anasoma habari za samaki katika chuo kimoja ambacho nitakiacha bila jina. Mwaka jana chuo kikaandaa siku ya kuwaonyesha wananchi utafiti wao: mihadhara, mabanda, na watoto wa shule kuruhusiwa kushika vitu. Akanipigia usiku. "Shikamoo mjomba. Nina shida ya kamongo, ila awe hai." Nikamuuliza bajeti. Akacheka, "Mjomba bwana!" Katika ukoo wetu ukishaambiwa hivyo, hela usahau.

Nikampata mmoja mnene, mwenye sura ya mwenye nyumba anayedai kodi. Nikamfunga kwenye gunia, tukapanda boda watatu: dereva, mimi, na yeye katikati. Hadi kiplefti cha Samaki pale mjini alikuwa ametulia. Hapo akajipindua, na dereva, ambaye nilikuwa nimemwambia nimebeba mihogo, akauliza bila kugeuka, "Mzee, mihogo ya wapi hii?"

"Ya Ukerewe," nikasema. "Endesha."

Banda la mpwa wangu lilikuwa ndani ya ukumbi, na lilipendeza kweli. Bango lake limeandikwa kwa herufi kubwa: KAMONGO NI NDUGU YAKO WEWE KULIKO WA SANGARA. Nilidhani utani. Akanieleza kwamba ukirudi nyuma mno kwenye ukoo wa viumbe, tawi la sangara lilijitenga mapema, huku kamongo na wanyama wa miguu minne, sisi tukiwemo, wakiendelea pamoja kwa muda kabla ya kuachana. Ziwa likikauka pembeni, kamongo anachimba tope, anajifunga ndani ya ute unaogeuka ganda, analala miezi akisubiri mvua. Huyo sangara, mgeni aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 akaja kuwafyeka furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa, mtoe nje muda kidogo tu umeshampoteza. Nikaanza kumwonea fahari ndugu yangu.

Kulia kwetu walikuwa watu wa kichocho: darubini, trei za konokono wa maji, na kijana wa koti jeupe akieleza jinsi vimelea wanavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani. Kushoto, akina mama waliokuwa wakisuka vikapu vya magugu maji. Foleni ndefu kuliko zote ilikuwa ya darubini, maana kila mtoto alitaka kuona ukucha wake.

Basi mpwa akaitwa kumpokea mgeni rasmi. Akaniachia banda, "Mjomba, usiguse kitu." Sikugusa. Aliyegusa ni ofisa usalama wa maonyesho, kijana mwenye kizibao cha njano na redio ya mkononi. Alikuwa amesikia kamongo anang'ata, na kweli anang'ata. Meno yake ni ya kuvunjia konokono, kidole chako kwake ni mboga laini. Akajaza tangi maji hadi ukingoni, akafunika kwa kioo, akabandika selotepu pembe zote.

"Kijana, atakufa maji huyo."

Akanitazama kwa huruma. "Mzee, huyu ni samaki."

"Naona. Atakufa maji."

Akawageukia watu. "Jamani, mzee anasema samaki atazama!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mshereheshaji akalidaka, akalitangaza kwenye maiki kwa wale waliokuwa nje wasije wakakosa. Wakati huo ndugu yangu alikuwa ameanza kugonga kioo kwa pua. Anagonga, anatulia. Anagonga tena, anatulia zaidi.

Nikabandua selotepu.

Kwanza alivuta pumzi, na kicheko kikakatika, maana waliosimama karibu waliisikia. Kisha akafyatuka. Alinipita begani, akatua kwenye meza ya kichocho, na trei nzima ya konokono ikamwagika sakafuni. Kijana wa koti jeupe akapiga ukelele, "Msiwakanyage! Wamehesabiwa!" Konokono wale hawakuwa na vimelea, alitueleza baadaye, lakini nani angesubiri baadaye? Watu walikuwa wametoka kufundishwa habari za kupenya ngozi. Viti vilivyovalishwa satini kwa ajili ya wakubwa vikapandwa na viatu. Ofisa usalama nilimwona juu ya meza ya vikapu, redio mdomoni, anaomba nguvu ya ziada.

Kamongo akateleza kwenye maji yake mwenyewe hadi mlangoni, akatoka. Nikamfuata kwa magoti.

Nje, hatua chache kutoka mlangoni, palikuwa na turubai la mama lishe. Nilipofika alikuwa ameshamtia kwenye beseni, kamfunika kwa sinia, kisu mkononi.

"Mwangaluka, mayu. Huyo samaki ni wangu."

"Mwangaluka, baba. Ameandikwa jina lako?"

"Ni wa utafiti, mama."

"Kwangu amekuja mwenyewe. Sikumwita."

Hoja zilikuwa zimeniishia, nikachomoa ya kwenye bango. Nikamwambia wanasayansi wamechunguza wakaona huyu ni ndugu yetu, mimi na yeye, kuliko hata alivyo ndugu wa sangara. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Pole sana kwa msiba," akasema. "Toa rambirambi elfu thelathini, ukamchukue marehemu wako."

Tulikuwa tumeshuka hadi elfu kumi na tano ulipotokea msafara: mgeni rasmi, wakuu wa chuo, wapiga picha, na mpwa wangu nyuma yao, uso umempauka. Walikuwa wamezungushwa huku nje kwa maelezo kwamba ukumbini usafi unaendelea. Mgeni rasmi akasimama. Akatazama beseni, akatazama kisu, akanitazama mimi niliyelowa hadi kifuani.

"Na hapa tunaona nini?"

Nilifungua mdomo, mama lishe akaniwahi. "Karibu mheshimiwa. Hapa ni mnyororo wa thamani. Huyu baba ndiye mvuvi, mimi ni usindikaji, na wewe ndiye mlaji."

Mgeni rasmi akawageukia wenyeji wake, akasema hiki ndicho alichokuwa akikitafuta tangu afike, utafiti uliomfikia mwananchi. Akaomba kumwona samaki. Sinia likainuliwa. Kamongo akatoa kichwa, akavuta hewa mbele ya kamera zote, huku anatafuna. Mpwa wangu, mtoto mwenye akili yule, hakuchelewa: "Kama mnavyojionea, mheshimiwa, chakula chake kimojawapo ni konokono, na miongoni mwa konokono wa ziwa hili wamo wanaoeneza kichocho." Makofi. Kijana wa koti jeupe, aliyekuwa amefika na karatasi yake ya hesabu, akafuta mmoja.

Jioni vikagawiwa vyeti. Mpwa wangu alipata. Ofisa usalama alipata, kwa kudhibiti hali. Mama lishe alipata cha ushiriki, kapigwa picha na mgeni rasmi. Jina langu halikuwepo, kwa kuwa sikujiandikisha getini.

Nikaenda kumchukua kamongo, elfu kumi na tano nimeikunja kiganjani. Cheti kilikuwa kimeshabandikwa kwenye nguzo ya turubai.

"Hapana, baba," mama akasema, anaisukuma noti yangu kwa ncha ya mwiko. "Ile ilikuwa bei ya kabla ya cheti."