Meno ya Mwenyekiti

Huku Manyatta, Kisumu, chochote kinachochemka nyuma ya nyumba na kutoa harufu isiyoeleweka ni chang'aa, mpaka mwenyewe alete ushahidi. Ushahidi niliokuwa nao mimi ni bamba la shaba lenye picha ya shangazi amekumbatia mbuta, halafu hata hilo bamba sikujua liko wapi. Mzee wa nyumba kumi aliitazama sufuria inayofuka mvuke wa kuwasha pua, akanitazama mimi, akasema, "Kijana, kwanza niambie nani amekutuma."

Aliyenituma ni shangazi mwenyewe. Yeye ni mwenyekiti wa chama cha akina mama wauza samaki wa Dunga, chama kilikuwa na harambee, na alitaka kadi za mwaliko zenye heshima, si hizi za kuchapwa dakika tano. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Unaweka picha kwenye shaba, unaiacha dawa iile shaba pale palipo wazi, unapaka wino ujae kwenye mifereji iliyolika, unafuta juu, kisha unapitisha bamba na karatasi yenye unyevu kwenye mashine. Rembrandt alikuwa akipaka bamba nta na kuchora kwa sindano. Mimi mkono wa Rembrandt sina, nina fotokopi.

Ule unga mweusi wa fotokopi ni plastiki iliyoyeyushwa kwa joto ikaganda kwenye karatasi. Ilaze nakala kifudifudi juu ya shaba safi, ipige pasi, na unga utayeyuka tena uhamie kwenye shaba. Dawa haipenyi plastiki, kwa hiyo penye weusi hapaliki, na pasipolika hapashiki wino. Maana yake, nyeusi ya nakala itatoka nyeupe kwenye kadi. Ndiyo sababu picha hugeuzwa rangi kabla ya kutolewa nakala: nywele ziwe nyeupe, meno yawe meusi. Maandishi hayaleti taabu, yanapinduka kwenye bamba, yanapinduka tena kwenye karatasi, yanarudi sawa.

Sasa mweleze hayo kijana wa saiba, pale pa kutolea fotokopi.

"Boss, hii picha imeharibika."

"Haijaharibika. Itoe hivyo hivyo."

"Lakini meno ni meusi."

"Najua."

"Na macho..."

"We toa tu."

Mama mmoja kwenye foleni alinyoosha shingo aone, kisha akamvuta mtoto wake karibu. Kijana akanipa ile niliyotaka kwa ncha za vidole, na juu yake akaongeza nyingine aliyoirekebisha mwenyewe, bure, kwa huruma tu. Nilimwambia hata Chester Carlson, aliyebuni mtambo huu, nakala yake ya kwanza mwaka 1938 kule Astoria, New York, ilikuwa tarehe na jina la mahali basi, hakusumbuliwa na shangazi wa mtu. Akaniuliza kama nataka na lamineshoni.

Nyumbani nilisugua shaba kwa jivu na ndimu mpaka maji yakawa yanatandaa juu yake bila kukatika, ndiyo dalili kwamba mafuta yametoka. Stima ilikuwa imepotea, nikatumia pasi ya makaa. Nikaviloweka majini, nikaitoa karatasi kwa kidole gumba, tonge kwa tonge, na shangazi akabaki pale kwenye shaba kila kitu chake: kilemba, tabasamu, mbuta na magamba yake.

Dawa yenyewe ni kloridi ya chuma, ile ambayo mafundi wa redio huyeyushia shaba ya bodi za saketi. Ina rangi ya kahawa iliyolala, na ikidondokea shati, shati limekwenda. Nikamimina kiasi kwenye beseni la plastiki, iliyobaki nikaiacha kwenye jerikeni. Bamba nililiziba mgongo kwa selotepu, nikalilaza kifudifudi juu ya vipande vya plastiki ili matope yadondoke yasizibe mifereji. Shaba huliwa kimya. Hakuna povu, hakuna moshi, huwezi kujua kuna kazi inaendelea. Nikamwambia shangazi asiguse dawa, nikaenda steji kuchukua wino.

Na kweli hakugusa. Alivaa glavu zangu.

Alikuwa ametoka Dunga na omena, na beseni lilikuwa lake, hilo sipingi. Akalitoa bamba, akamimina dawa kwenye sufuria ili isipotee, maana alijua nimeinunua ghali. Sufuria aliyochagua ni ile kubwa ya alumini, mali ya chama, inayokodishwa kwenye matanga. Mtu anayekulindia vitu vyako kwa moyo wote ni hatari kuliko mwizi. Mwizi angechukua jerikeni akaenda zake.

Subira ya shaba, alumini haina. Ikikutana na hiyo dawa inapata joto palepale, inatoa mapovu ya haidrojeni, na ile shaba iliyokuwa imeyeyukia ndani inatupwa chini ikawa tope jekundu. Nilipoingia uani sufuria ilikuwa ikitokota bila moto chini yake. Moto ulikuwa pembeni: jiko la makaa, chai juu. Haidrojeni hushika moto. Nililiburuta jiko mpaka kwa jirani, chai na yote, nikirudi nakuta uani kumejaa.

"Magadi!" akapaza sauti mama mmoja. "Asidi inatulizwa na magadi!"

Na alikuwa sahihi kabisa. Magadi hayo hayo tunayolainishia mboga za kienyeji huituliza hii dawa. Ila hutiwa kidogo kidogo, kijiko, unasubiri, kijiko. Yeye alimwaga kopo zima. Povu la hudhurungi likapanda, likashuka pande zote, likaanza safari kuelekea kuku. Kuku walikuwa na akili kuliko sisi, waliruka ukuta.

Hapo ndipo mzee wa nyumba kumi alipofika.

"Hakuna pombe hapa," shangazi akamwambia, ametulia kabisa, glavu mikononi. "Ni picha yangu inachemshwa."

Mzee akainama, akanusa, akapiga chafya mpaka kofia ikaanguka. Wakati anaiokota, povu lilikuwa limetulia, na sote tukaona: sehemu ya chini ya sufuria imetoboka, na tope jekundu linachuruzika kwenye tundu.

"Hii si chang'aa," akatoa hukumu. "Chang'aa haitoboi sufuria."

"Inategemea ni ya nani," ikatoka sauti kule nyuma, na watu wakacheka kwa namna ya watu wanaoijua nyumba inayosemwa.

Nikamuuliza shangazi bamba liko wapi. Akaenda nyuma ya tangi la maji, akarudi nalo linang'aa. "Nyathina, mwanangu, ulikuwa umenipaka masizi kwenye meno," akasema. "Nimeyatoa." Alikuwa ameyatoa kwa waya wa kusugulia sufuria. Na akiwa hapo hapo akaona asiache kazi nusu, akapitia uso mzima. Mbuta hakumgusa. Mbuta alikuwa msafi.

Shaba nyingine sikuwa nayo, harambee ilikuwa mlangoni. Nikatumia dawa iliyobaki kwenye jerikeni, nikaliacha bamba limalizie kuliwa hivyo hivyo. Mahali pasipo na unga wa kuzuia, shaba hushuka yote kwa pamoja, panakuwa bonde tambarare. Ukipaka wino, kitambaa kinaufuta karibu wote. Kadi zikatoka. Mbuta alitoka mzuri ajabu, gamba kwa gamba, ungesema anahema. Juu yake kuna kilemba, na chini ya kilemba kuna wingu la kijivu.

Kamati ilikaa siku hiyo hiyo. Kwanza sufuria: mwenyekiti alipinga, mhazini akasimama kidete, nikaandikiwa kuilipa mimi kwa awamu. Kisha kadi zikapita mkono kwa mkono. Kimya. Mhazini akaweka yake kwenye mwanga, akaigeuza, akairudisha.

"Samaki ametokea," akasema. "Tumshukuru Mungu. Lakini mgeni wa heshima atajuaje mwenyekiti ni yupi?"

Shangazi akachukua kalamu, akavuta rundo la kadi kwake, akaanza kuandika chini ya kila moja, kwa mwandiko wake wa risiti: *Mwenyekiti ndiye aliyeshika.*